Upepo Ukianza, Moto Uzimwe

Olinka alizaliwa katika nyumba ya udongo na majani, upande ule wa mto ambao sasa umeliwa na maji, na baada ya titi la mama yake kitu cha pili alichokijua duniani ni mwanga wa mafuta ya sili, mnyama wa bahari ya baridi. Taa ilikuwa ya bibi yake: bakuli la udongo mweusi, na ndani yake utambi wa majani ya bwawani yaliyosokotwa. Bibi alikaa kando yake akiuchokoa utambi kwa kijiti, taratibu, kama anayemkuna mtoto mgongo ili alale. Taa ikifuka moshi, bibi aliona haya kama mtu aliyecheua mbele ya wageni.

Kisha ikaja zamu ya kuni. Huko Nunapik, kijiji cha pwani ya barafu, mti hauoti. Nchi ni majani, maji na anga, basi. Miti huja yenyewe. Barafu ya mto Kuskokwim ikipasuka, maji huing'oa huko juu kwenye misitu, yakaibeba hadi baharini, na bahari ikaitapika ufukweni imeambuka magome, myeupe kama mifupa. Aliyeliburuta gogo hadi juu ya mstari wa maji, gogo ni lake. Likae mwaka, likae miwili, hakuna mkono utakaoligusa. Baba yake Olinka alikuwa mburutaji hodari, na alipopata pipa tupu la mafuta akalikata, akalitia mlango na bomba la moshi. Wakawa na jiko la chuma.

Jiko hilo ndilo lililowaunguza. Olinka alikuwa bado mdogo, na baba yake alikuwa amekwenda kijiji cha pili. Upepo wa dhoruba ukashuka ndani ya bomba la moshi, ukaurudisha moto chini, mlango wa jiko ukafunguka kwa kishindo na makaa yakamwagika juu ya ngozi walizolalia. Mama yake, Panigkaq, akawatupa watoto nje kwenye theluji, mmoja mmoja. Wa mwisho alimrudia ndani, na akamtoa. Watoto wote walipona. Lakini mikono yake haikurudi kuwa mikono. Yeye aliyeshona buti za ngozi zisizopitisha hata tone la maji hakushika tena sindano.

Tangu siku hiyo nyumbani kwao pakawa na amri moja: upepo ukianza, moto uzimwe. Watoto waliingia chini ya ngozi, wakabanana kama vifaranga, wakasubiri dhoruba ipite. Panigkaq hakuitoa amri hiyo kwa ukali. Aliinua tu mikono yake ile, na watoto wakajua.

Olinka akakua nayo. Akaolewa na Wassillie, mtu wa maneno machache na nyavu nyingi. Zikaja nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo, yakaja majiko ya mafuta, ikaja jenereta ya dizeli iliyonguruma mchana na usiku kama tumbo la mwenye njaa. Kila kiangazi tishali lilipanda mto likileta mafuta, na kila kiangazi bei yake ilikuwa imepanda pia. Ndugu walianza kuhamia nyumba moja ili wapashe moto nyumba moja. Wengine wakaondoka kabisa. Jiko la mafuta nalo lina bomba, na upepo ukizidi nalo hukohoa masizi. Kwa hiyo Olinka alilizima. Wassillie alimcheka, akavaa koti, akalala.

Panigkaq alifariki mwaka ule ule aliozaliwa binti pekee wa Olinka, na mtoto akapewa jina lake. Kanisani alibatizwa Verna, lakini alikuwa Panigkaq, na kwa watu wa Nunapik jina la marehemu si la kumkumbukia tu: mwenyewe amerudi. Wazee walimletea mtoto yule samaki aliowapenda marehemu. Aliyekuwa na deni la shukrani kwa bibi alimlipa mjukuu kwa kofia au kwa matunda ya nyikani. Na Olinka, huku akimnyonyesha, alimwita Mama. Verna alimwita mama yake mama, mama yake naye akamwita Mama, wakaitikiana hivyo maisha yote bila mtu kuona ajabu.

Wassillie alipokufa, Verna alikuwa mjini Anchorage, muuguzi wa hospitali, katika nyumba ambayo joto lilitoka sakafuni bila mtu kulitafuta.

"Njoo tukae wote," alimwambia mama yake kwenye simu kila Jumapili.

Olinka alikwenda kutazama, akakaa muda mrefu kiasi cha adabu, akarudi. Watu walipomuuliza mjini kukoje alisema ni kuzuri. Mafuta ya sili hakuna, na mtu anaweza kutembea kutwa nzima asiulizwe yeye ni nani kwa nani, lakini ni kuzuri.

Ndipo ilipokuja mitambo ya upepo. Minara ikasimamishwa nyuma ya kiwanja cha ndege, kila mmoja na mapanga yake matatu, na watu wakaenda kuitazama kama wanavyokwenda kumtazama nyangumi aliyekwama. Upepo wa Nunapik, unaojulikana kwa kupindua mashua na kuvunja milango, ukaanza kuwasha taa. Siku za dhoruba umeme ulizidi mahitaji ya kijiji, na ule wa ziada ukapelekwa kwenye masanduku ya chuma yaliyojaa matofali mazito, sanduku moja kila nyumba. Matofali yakala joto wakati wa dhoruba, yakalitoa polepole siku za utulivu.

Olinka, kwa kuwa ni mjane na mzee, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupewa. Kijana aliyelifunga, mtu wa mjini, alimweleza vizuri.

"Bibi, hili halina moto. Halina bomba. Hii hapa swichi yake, ukishawasha, lisahau."

Olinka akainua nyusi zake, maana yake ndiyo. Kijana akaondoka ameridhika.

Lakini jiko ni jiko, na upepo ni upepo. Dhoruba ya kwanza ilipobisha mlangoni, Olinka alinyanyuka, akaishusha swichi, akaingia kitandani. Dhoruba ilipopita aliiwasha. Jiko likakaa pale, zito, zuri, baridi kama jiwe la mtoni, maana hakukuwa na upepo wa ziada wa kulilisha. Ikaja dhoruba ya pili, akalizima. Ya tatu, akalizima.

Hakumwambia mtu. Zawadi haisemwi vibaya. Majirani walipokutana dukani wakisema, "Jamani haya majiko, mpaka nafungua dirisha!" aliona ni watu waliolelewa vizuri, wasiopenda kuwaaibisha waliowapa. Naye akasema, "Langu pia. Joto kupita kiasi." Kisha akarudi nyumbani, akavaa koti la marehemu Wassillie juu ya koti lake, akachoma matone ya mwisho ya mafuta yaliyobaki kwenye tangi. Tishali lisingekuja mpaka barafu ivunjike.

Verna alishuka kwa ndege ndogo mwezi wa pili, bila kuarifu. Alipofungua mlango aliona pumzi ya mama yake ikitoka nyeupe mdomoni, katikati ya sebule.

"Mama, mbona umevaa makoti mawili?"

"Nilikuwa natoka," alisema Olinka.

"Unakwenda wapi?"

Olinka akatazama dirisha. "Sijaamua."

Verna akavua glavu, akaweka kiganja juu ya sanduku la matofali. Akainama kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akagusa ukoko wa barafu pembeni kwa kidole.

"Hili jiko limeharibika tangu lini?"

"Halijaharibika. Ndivyo lilivyo. Ni jiko la upepo, Mama. Upepo nao ni baridi. Ulitaka litoe nini?"

Verna hakucheka. Akakaa chini na koti lake, akamshika mama yake vidole, akavigeuza kuvitazama kucha kama anavyofanya kazini.

"Keshokutwa ndege inarudi. Safari hii sikuombi. Unakuja nami."

"Na nyavu zangu?"

"Mpe binamu yako Efim."

"Efim! Hata mkanda wa suruali unamshinda kufunga."

"Basi zitaoza. Mama, nikipigiwa simu siku moja kwamba umekutwa umeganda kitandani, mimi nitajiambia nini?"

Hapo Olinka akaziacha nyavu. Alikuwa tayari kubishana na mwanawe mchana kutwa, lakini aliyeuliza swali hilo alikuwa na uso wa Panigkaq, na Panigkaq alikwisha kuingia motoni mara moja kwa ajili ya watoto wake. Hakulia. Alichukua mfuko, akaanza kupanga ndani yake samaki wakavu, mgongo kwa mgongo, kama anayelaza watoto.

Siku ya ndege ilipofika, ndege haikufika. Redio ya kijiji ilisema dhoruba inapanda kutoka baharini, marubani wote wamezuiwa kuruka huko mjini Bethel. Mchana mbingu na ardhi vikawa rangi moja, na kutoka katika rangi hiyo akatokea Efim, theluji hadi kwenye kope. Efim ni mtoto wa mjomba wake Olinka, kwa hiyo ni mtani wake. Kumtukana ni haki yake, na kutukanwa ni haki yake pia.

"Nimekuja kumuaga mtu wa mjini," alisema akijikung'uta. "Nasikia utavaa viatu vya kisigino. Utakuwa unatembea hivi." Akatembea hivyo, makalio nje.

"Nitakununulia meno huko," alisema Olinka akimmiminia chai. "Hayo mawili yamechoka kukaa peke yao."

"Usisumbuke. Nitakuja kuoa mjini. Wanawake wa mjini hawaangalii meno."

"Kweli. Wataanza na harufu."

Verna akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Efim akakaa, akachovya biskuti ngumu kwenye chai, akaangaza huku na huku.

"Mbona humu kama kwenye shimo la kugandishia samaki? Kwangu nimeacha nguo zote kwenye kiti nimebaki na..."

Hakumaliza. Upepo ulipiga nyumba kwa bega lake lote, nguzo zikalia, vikombe vikagongana kabatini. Olinka, akiwa na birika mkononi, akanyanyuka, akaenda ukutani, akaishusha swichi, akarudi kukaa. Alifanya hivyo kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake.

"Binamu," alisema Efim, biskuti ikidondokea kikombeni. "Umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Umezima jiko!"

"Husikii upepo?"

Efim alimtazama, akatazama swichi, akamtazama tena. Kisha kicheko kikamtoka hata chai ikapitia puani.

"Jamani njooni! Samaki wakipanda mto, huyu anatoa wavu majini! Wakishapita, anautega! Binamu yangu, wewe ungekuwa mvuvi tungekula nyasi!"

"Mama," Verna alisema taratibu, "umelizima kila dhoruba?"

"Kila dhoruba. Si uliniambia?"

"Nilikuambia mimi?"

Olinka alimtazama usoni. "Upepo ukianza, moto uzimwe. Uliniambia mwenyewe."

Efim akaacha kucheka. Alikuwa mtoto siku ile. Alikumbuka ile mikono. Akaufuta mdomo wake kwa kiganja, akatazama sakafu.

Verna alielewa haraka, maana alijua habari ya jina lake kama wengine wanavyojua njia ya kwenda kisimani. Akaanza kueleza: hakuna bomba, hakuna makaa, ni waya tu na matofali, joto linaingia wakati huu huu wa dhoruba na si wakati mwingine. Olinka alisikiliza hadi mwisho. Aliyaelewa yote, hakuwa mjinga. Lakini Verna aliponyanyuka kwenda kuwasha, mama yake alikuwa amekwisha kusimama mbele ya swichi.

"Ngoja," alisema. "Nimeishika amri yako tangu utoto. Mume wangu alinicheka, sikuiacha. Siwezi kuiacha kwa sababu kijana wa mjini kasema halina moto, wala kwa sababu ya huyu mlevi wa chai. Ukisema wewe niiache, nitaiacha, nikae hapa kwangu. Usiposema, mfuko wangu uko tayari pale mlangoni. Nitakwenda nawe, na sitalalamika."

Upepo ulikuwa ukipiga kelele.

Olinka aliuona uso wa mwanawe ukihangaika, na uso ule alikuwa ameujua mara mbili, kwa hiyo haukuweza kumficha kitu. Aliona kwamba Verna amechoka kurudi jioni kwenye nyumba isiyo na mtu. Aliona kwamba neno moja lingembakisha mama yake huku mbali kwenye dhoruba, na kimya kidogo tu kingempa mama yake kila asubuhi, mezani, na kikombe chake. Hakumsaidia. Jambo hili halikuwa la kusaidiwa.

"Nimekupakia chumba rangi," alisema Verna mwishowe.

"Najua. Uliniambia."

"Ya njano."

"Nzuri, njano."

Efim alikunywa chai iliyokuwa imekwisha. Verna akapangusa macho, akasogea, akaishika mikono ya mama yake, akaiweka juu ya yake, yenye ngozi laini, iliyooshwa kwa sabuni ya hospitali mara zisizo na idadi.

"Mwanangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Itazame mikono yangu. Imepona. Acha jiko liwake."

Olinka aliitazama kwa muda. Kisha akageuka, akaipandisha swichi mwenyewe.

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha chuma kikaanza kutoa mlio mdogo, tik, tik, na baada ya kitambo ikanuka harufu ya kuungua. Olinka akaruka kwenye kiti.

"Moshi!"

"Vumbi, wewe," alisema Efim. "Vumbi la majira mazima. Ungekuwa unafagia mara moja moja lisingejaa."

Lakini hata yeye alisogeza kiti chake karibu na cha Olinka, na Verna akasogeza chake upande wa pili, wakakaa hivyo watatu, wakilitazama sanduku kama watu wanaomtazama mgonjwa. Kila upepo ulipopiga, Olinka alishika ukingo wa kiti. Buti zake hakuzivua. Mlango alikuwa ameutoa komeo, na ndoo ya maji alikuwa ameiweka katikati ya miguu yake, na Efim akauma midomo mikavu asiseme neno juu ya ndoo hiyo, jambo ambalo kwa mtani ni heshima kubwa.

Barafu ya pembeni mwa ndoo ndiyo iliyotoa habari kwanza. Ililegea, ikaelea, ikaisha. Olinka akavua koti la Wassillie. Baadaye kidogo akavua la kwake, akalitundika kwenye msumari uliokuwa mtupu tangu vuli. Efim akavua sweta, kisha shati, akatangaza kwamba sasa hii ni nyumba ya kuogea mvuke, wanaume kwanza, wanawake wasubiri nje.

"Vaa, tumbo lako litamtisha mtoto," alisema Olinka.

"Mtoto ana miaka hamsini."

"Ndiyo maana. Moyo wake si wa kuchezea."

Verna alikuwa amelala. Alilala kwenye kiti kama alivyolala zamani, mdomo wazi, soksi amezivua mwenyewe bila kujua.

Dhoruba ilichukua muda wake, ikaenda. Anga ikawa tulivu na kali, mapanga ya mitambo yakasimama, na nyumba ya Olinka ikabaki na joto siku ile na siku iliyofuata. Ndege ikasikika. Efim akamchukua Verna kwa pikipiki ya theluji, na Olinka akakaa nyuma, kwenye sanduku la mizigo, ameushika mfuko wa samaki.

Rubani akafungua mlango. "Niliambiwa abiria wawili."

"Mmoja," alisema Verna.

Olinka akampa mfuko. "Kula huko kwenye chumba cha njano," alisema. "Ukae humo mwenyewe. Kina jua."

Walikumbatiana, wakaachana, na Olinka hakungoja ndege ipotee angani, maana kwao kumwangalia sana anayeondoka si vizuri. Alirudi nyumbani akaweka chai.

Bado anaogopa. Dhoruba ikija hulala na buti miguuni na mlango bila komeo, akihesabu mlio wa matofali mpaka usingizi umshinde. Verna hupiga simu, Jumapili au si Jumapili, akisikia tu kwamba hali ya hewa ya pwani imechafuka.

"Mama, umewasha jiko?"

"Nimeliwasha. Linawaka."

"Unaogopa?"

"Naogopa, Mama," husema Olinka. "Ila naogopea kwenye joto. Hebu zungumza na huyu Efim, umwambie avae shati. Mimi hanisikii."